Umeomba programu moja, Linux imekuletea thelathini: jinsi apt inavyoweka na kutoa pakeji

Watu wengi hapa Tanga wanaingia Linux kwa mlango ule ule, laptopu ya mtumba imechoka, Windows mpya haiitaki tena, fundi wa Ngamiani anaipiga Linux Mint au Ubuntu na mashine inarudi kuwa nyepesi. Siku za mwanzo ni furaha tupu. Alafu inafika siku mtu anataka kuweka programu yake ya kwanza kwa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika `sudo apt install vlc` (sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine, apt ndo chombo cha kuweka na kutoa programu, VLC ni ya kuangalia video), anategemea kitu kimoja, mara inashuka orodha ya majina asiyoyajua, lib hii na lib ile, plugini hizi na zile, na mwisho inamuuliza Y au n. Anajiuliza mbona mimi nimeomba VLC tu, hizi nyingine kaziomba nani? Na siku ya kutoa kitu ndo kabisa, manake unaweza ukatoa kimoja na ukaondoka na vingi ambavyo ulikuwa bado unavihitaji.

Nimeona niliandike hili kwa urefu kwa sababu ukilielewa vizuri, karibu kila tatizo la apt utalisoma mwenyewe kwenye skrini bila kumpigia mtu simu.

Tuanze na hizo lib. Kwenye Windows programu nyingi zinakuja na mzigo wao karibu wote ndani ya faili moja la setup. Kwenye Linux utaratibu ni mwingine, kazi ambazo programu nyingi zinazihitaji, kama kufungua picha, kutoa sauti, kufunga mawasiliano ya siri ya intaneti, zinaandikwa mara moja kwenye laibrari na programu zote zinaitumia laibrari hiyo hiyo. Fikiria masufuria ya shughuli ya mtaa. Kila nyumba haina haja ya kununua sufuria la pilau la watu mia tatu, linanunuliwa moja la mtaa, mwenye arusi analiazima, mwenye hitma analiazima, ila lazima awepo mtu anayeandika nani kachukua nini, maana siku mtu akisema hili sufuria liuzwe lazima ijulikane kama kuna nyumba ina shughuli Ijumaa.

Faida yake sio nafasi ya diski peke yake. Mwezi wa nne mwaka 2014 liligundulika tundu kubwa kwenye OpenSSL, likaitwa Heartbleed, na OpenSSL ndo inayotumiwa na programu chungu nzima kufunga mawasiliano. Kwenye mashine za Linux ilitosha kuapdeti ile laibrari moja na kuziwasha upya programu zinazoitumia, zote zikawa zimepona kwa pamoja. Kama kila programu ingekuwa na nakala yake ungeanza kuzunguka moja moja na nyingine ungezisahau.

Sasa hizo dipendensi, yani vitu ambavyo programu inavitegemea ili iweze kufanya kazi, zinaandikwa ndani ya pakeji yenyewe. Pakeji ni programu au laibrari iliyofungashwa kwenye faili moja la .deb, na faili hilo ukilifungua lina sehemu mbili za maana, kuna mafaili yenyewe yatakayosambazwa kwenye mfumo, na kuna karatasi ya maelezo inayosema mimi ni nani, toleo langu ni lipi, nahitaji nini na sipatani na nani. Unaweza kuisoma bila kuinstoli chochote, andika `apt show vlc`. Utakuta mstari wa Depends, hivyo ni vya lazima, bila hivyo programu haiwekwi. Utakuta Recommends, hivyo sio lazima ila waliotengeneza wanaona mtu wa kawaida atavitaka. Utakuta Suggests, hivyo ni vya ziada na apt haiviweki mpaka uombe mwenyewe. Na kwenye pakeji nyingine utakuta Conflicts au Breaks, maana yake hizi mbili haziwezi kukaa pamoja, ukiweka moja nyingine inatoka.

Huo mstari wa Recommends ndo unaonenepesha ile orodha. Tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009 (Debian ndo mama wa Ubuntu na Mint) apt inaweka na Recommends moja kwa moja bila kukuuliza. Chukua hiyo hiyo VLC, inapendekeza vlc-plugin-samba ambayo ni ya kusoma video kutoka kwenye folda za mtandao wa ofisi. We unaangalia muvi kutoka kwenye flashi, hiyo plugini hutaigusa maisha. Kwa mtu anayetumia bando la simu na diski ndogo unaweza kuandika hivi:

sudo apt install --no-install-recommends vlc

Orodha itapungua. Ila fanya hivyo ukijua unachofanya, manake kuna programu ukiziwekea dipendensi za lazima peke yake zinafunguka kweli lakini kuna kitu kinakosekana, saa nyingine lugha, saa nyingine sauti, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Kazi yenyewe inafanywa na ngazi mbili na watu wanazichanganya sana. Chini kabisa kuna dpkg, yenyewe inajua kufungua .deb, kuweka mafaili mahali pake na kuandika kwenye kumbukumbu iliyopo `/var/lib/dpkg` kwamba pakeji hii ipo na mafaili yake ni haya. Haijui intaneti. Ukiipa pakeji inayotaka laibrari ambayo haipo itakwambia tu haipo, basi. Juu yake kuna apt, ambayo inajua ghala lote la pakeji lililoko kwenye intaneti, inapiga hesabu nani anamhitaji nani, inadaunlodi zote, alafu inampa dpkg azipange kwa mfuatano unaofaa. dpkg ilianza mwaka 1994, APT ikaja kuingia rasmi kwenye Debian 2.1 mwaka 1999, na kabla ya hapo mwenye kutumia dpkg peke yake alikuwa anatafuta laibrari moja moja kwa mkono, unaipata hii inakwambia nayo inataka ile, ukiipata ile inataka nyingine tena.

Hapo hapo nimalize na `sudo apt update`, maana wengi wanadhani inaapdeti programu. Haigusi programu hata moja. Inachofanya ni kuleta upya orodha ya vilivyomo ghalani na matoleo yake. Ukikaa muda mrefu bila kuifanya, apt itakwenda kuomba toleo ambalo ghalani limeshabadilishwa na utaletewa 404, yani faili halipo. Fanya update kwanza alafu ndo install. Ya kupandisha matoleo ni `sudo apt upgrade`.

Sasa tuingie kwenye kutoa, na hapa ndo naomba usome polepole.

Apt inapoweka pakeji inaweka alama moja muhimu sana ambayo haikuonyeshi kwenye skrini. Ile uliyoiomba kwa jina inaiandika kuwa ni ya mkono, zile zilizokuja kwa sababu ya dipendensi inaziandika kuwa zimejileta. VLC ni ya mkono, lib zake zimejileta. Ukija kusema `sudo apt remove vlc`, apt inatoa VLC alafu inaangalia zile zilizojileta, kama kuna lib ambayo hamna mtu mwingine anayeihitaji itakwambia hizi hazihitajiki tena, tumia `sudo apt autoremove` kuziondoa. Haizitoi yenyewe, inakuachia uamue. Na lib ambayo inatumiwa na programu nyingine hata moja haiguswi kabisa.

Kuangalia alama ziko vipi kwenye mashine yako andika `apt-mark showmanual` na `apt-mark showauto`. Hii ndo komandi ninayotamani kila mtu wa Linux aijue. Tuseme autoremove inataka kuondoa kitu ambacho wewe unakitumia kila siku, ina maana kilijileta pamoja na kitu kingine ambacho umeshakitoa, na apt haina njia ya kujua kwamba umekizoea. Unaiambia `sudo apt-mark manual` ukifuatisha jina lake, imeisha hiyo, haitakigusa tena. Na ukitaka kujua lib fulani inashikiliwa na nani, `apt rdepends --installed` na jina lake inakutajia.

Hatari kubwa iko upande wa pili wa mnyororo. Ukitoa programu iliyo juu, zilizo chini zinabaki mpaka autoremove. Lakini ukitoa iliyo chini, zote zilizo juu yake zinaondoka nayo hapo hapo, kwa sababu apt haikubali kuacha programu ambayo kitu chake cha lazima hakipo. Kijana mmoja wa chuo alileta laptopu yenye Mint, ikiwaka inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi inaomba jina na pasiwedi. Akasema, "Kaka mi nilikuwa nataka Python mpya tu, nikaona nitoe kwanza hii ya zamani." Mwenye Linux Mint aelewe hapa, desktopu ya Cinnamon yenyewe inaihitaji Python, hiyo lugha ya kuandikia programu, kile kidirisha cha apdeti kinaihitaji, duka la programu linaihitaji. Alipoandika `sudo apt remove python3` apt ilimletea orodha yenye kichwa "The following packages will be REMOVED", na ndani yake jina cinnamon lilikuwepo wazi kabisa, pamoja na mint-meta-cinnamon, akabonyeza Y.

Kumrudisha haikuwa kazi ya kufomati. Mafaili yake yote yalikuwepo, apt haigusi folda yako ya nyumbani. Tuliingia kwenye hiyo hiyo skrini nyeusi kwa jina na pasiwedi yake, tukachomeka simu kwa waya na kuwasha tethering ili ipate intaneti, alafu tukafungua `/var/log/apt/history.log`. Hilo faili linaandika kila kitu apt ilichofanya, tarehe, komandi uliyoandika, na majina ya kila kilichowekwa na kilichotolewa. Ukichukua majina yaliyopo kwenye mstari wa Remove na kuyarudisha kwa apt install, desktopu inarudi ilivyokuwa. Na hiyo Python mpya inawekwa pembeni ya ya zamani, haiingii mahali pake.

Sio wanafunzi tu wanaonaswa hapo. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule Mkanada wa YouTube anayefuatwa na mamilioni, alitaka kuweka Steam, ile programu ya magemu, kwenye Pop!_OS ambayo ni Linux nyingine inayotumia apt, huku anajirekodi, pakeji ya Steam siku hizo ilikuwa na mgongano wa dipendensi, apt ikaona njia ya kuiweka ni kuondoa desktopu nzima, ikampa onyo na kumtaka aandike kwa maneno kamili "Yes, do as I say!", akaandika, desktopu ikaondoka. Tazama kwamba yeye alikuwa anainstoli, hakuwa anatoa. Ndo maana hata kwenye install angalia kama kuna sehemu ya REMOVED. Baada ya tukio hilo watengenezaji wa APT waliongeza kinga, siku hizi haikubali kirahisi kutoa pakeji zilizowekewa alama kuwa ni za msingi, na kwenye APT 3.0 iliyokuja na Debian 13 mwaka 2025 vinavyoondolewa vinaandikwa kwa rangi nyekundu. Lakini python3 na cinnamon hazimo kwenye pakeji hizo za msingi, kwa hiyo macho yako bado yanahitajika.

Mstari wa kuangalia kabla ya Y kwenye apt za kabla ya 3.0 ni huu wa chini, unaotaja hesabu (kwenye 3.0 hesabu hiyo hiyo imeandikwa "Removing"):

0 upgraded, 30 newly installed, 0 to remove and 4 not upgraded.

Hapo kwenye "to remove", kama unainstoli na namba sio sifuri, simama urudi juu usome majina. Kama unatoa programu moja na namba imefika ishirini, simama. Na ukitaka kujaribu bila kuhatarisha chochote weka `-s` mbele, mfano `apt-get -s remove python3`, inakuonyesha ingefanya nini na haifanyi, hata sudo haihitaji.

Kuna swali la remove na purge. Remove inatoa programu lakini inaacha mipangilio yake iliyopo `/etc`, ili ukiirudisha kesho ikukute ulivyokuwa umeipanga. Purge inatoa na mipangilio hiyo. Ukiandika `dpkg -l` na ukaona mistari inayoanza na herufi rc, hizo ni programu zilizoshatoka ila mipangilio yake ipo. Hazili nafasi ya maana, usihangaike nazo. Mipangilio yako binafsi ndani ya `.config` kwenye folda yako hamna kati ya hizo mbili inayoigusa, hiyo unaifuta mwenyewe ukitaka kuanza upya kabisa.

Yanayoharibu zaidi ni mafaili ya .deb yaliyookotwa mtandaoni. Mtu anadaunlodi .deb iliyotengenezwa kwa Ubuntu mpya, yeye yuko kwenye ya zamani, anaandika `sudo dpkg -i`, anaambiwa inataka libc6 ya toleo la juu kuliko aliyonayo. dpkg inaiacha pakeji imefunguliwa lakini haijakamilika, na kuanzia hapo kila akitaka kuinstoli kitu kingine apt inakataa mpaka hilo limalizwe. Dawa ni `sudo apt --fix-broken install`, ila ujue dawa hiyo ina njia mbili, kama dipendensi zinapatikana ghalani itazileta, kama hazipatikani itaitoa ile pakeji yenyewe, na hiyo ndo sahihi. Usijaribu kutafuta libc6 mpya na kuilazimisha iingie, karibu kila programu kwenye mashine inasimama juu ya hiyo, ukiivuruga hata terminali inaweza isifunguke. Kama lazima uweke .deb ya nje basi tumia `sudo apt install ./jina.deb`, hiyo nukta na mkwaju ni muhimu, hapo apt inatafuta dipendensi zake ghalani yenyewe badala ya kukuachia pakeji iliyokwama.

Vile vile vitu unavyoweka kwa `make install`, yani programu unayoijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi yake, apt haivijui kabisa, haitaviapdeti na haitakusaidia kuvitoa. Pip, chombo cha kuweka vitu vya Python, nayo ilikuwa inaharibu hivyo hivyo, ukiipa sudo inaandika juu ya mafaili yaliyowekwa na apt, ndo maana kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 inakukatalia na kukwambia tengeneza mazingira ya pembeni. Ikubali, inakulinda.

Ukiona "Could not get lock" usikimbilie kufuta lile faili la kufuli kama baadhi ya video zinavyofundisha. Mara nyingi ni apdeti za kimya kimya zinaendelea nyuma, subiri zimalize. Ukifuta kufuli wakati dpkg anaandika, unaweza kuiharibu ile kumbukumbu ambayo mfumo mzima unaitegemea.

Snap na Flatpak ni njia nyingine za kuweka programu, huko programu inakuja na vitu vyake vingi yenyewe, migongano karibu hamna lakini mzigo wa kudaunlodi ni mkubwa, na kwa bando zetu hilo linauma. Kwenye Ubuntu tangu 21.10 Firefox inakuja kwa Snap, Mint wao wamezuia Snap tangu toleo la 20. Mwenye Flatpak akumbuke `flatpak uninstall --unused`, maana ukitoa programu ile mizigo yake ya chini inabaki imekaa. Kwa wa Fedora, Linux nyingine ambayo badala ya apt inatumia dnf, hiyo dnf yao ukitoa programu inaondoa na dipendensi zisizohitajika papo hapo bila kusubiri autoremove, kwa hiyo orodha isome mara mbili.

Nimalizie na wale wasio na intaneti, kwa sababu swali hili linaletwa na walimu wa Pangani na vijijini huko, ana kompyuta za darasa zote toleo moja la Mint na zote zimewekwa siku moja, intaneti hamna. Njia ni kuleta moja mjini. Andika `sudo apt update`, alafu `sudo apt-get install -d vlc`, hiyo `-d` inadaunlodi bila kuinstoli, na mafaili yanakaa `/var/cache/apt/archives`. Nimeandika apt-get kwa makusudi, apt ya kawaida ikishainstoli inafuta .deb zake, apt-get inaziacha. Kopi hilo folda kwenye flashi pamoja na `/var/lib/apt/lists`, hiyo ya pili wengi wanaiacha na ndo yenye ile orodha ya ghala. Ukifika darasani unaviweka mahali pale pale kwenye kila mashine kwa sudo na kuandika `sudo apt-get install vlc`. Hapo alama za mkono na za kujileta zinakaa sawa, tofauti na ukipiga `dpkg -i` kwa zote ambapo kila lib inahesabika umeiomba wewe na autoremove haitaigusa tena. Kabla ya Y angalia mstari wa "Need to get", unatakiwa uanze na 0 B. Ukiwa na namba nyingine, basi ile mashine ya mjini ilikuwa tayari na kitu ambacho hii haina, bonyeza n, andika `apt-get install --print-uris vlc`, yanayotokea hapo ndo mafaili ya kufuata safari ijayo.